Bahari Imefika Embakasi. Je, Sisi Tumeifikia?

Majuzi alinijia nyumbani kwangu mtaani Umoja kijana mmoja niliyepata kumfundisha miaka michache iliyopita katika shule ya sekondari ya hapa Eastlands. Mkononi alikuwa na karatasi iliyokunjwa mara nne. Baada ya salamu na chai aliikunjua na kuniwekea mezani. Ilikuwa barua ya wakala mmoja wa mjini aliyeahidi kumpatia kazi katika meli ya mizigo, kwa sharti moja tu: alipe ada ya kutafutiwa kazi hiyo kabla ya mwisho wa mwezi. Mamake, ambaye huuza mitumba Gikomba, alikuwa tayari kuchukua mkopo katika chama chao cha akina mama ili fedha hizo zipatikane. "Mwalimu," akaniuliza, "nilipe au nisilipe?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Nimefundisha Jiografia kwa zaidi ya miaka ishirini. Nimewaeleza wanafunzi pepo za kaskazi na kusi, nimewachorea ubaoni Mfereji wa Suez na kuwakaririsha majina ya bandari kuu za dunia. Lakini siku hiyo niligundua kwamba sikujua hata kidogo jinsi mtu anavyoishi na kufanya kazi ndani ya meli ipitayo katika mfereji huo. Nadhani walimu wenzangu wengi wamo katika hali iyo hiyo. Ndipo nilipomchukua kijana yule, tukavuka barabara na kupiga hodi kwa jirani yangu, mzee mmoja mzaliwa wa Pwani aliyefanya kazi ya ubaharia kwa miaka thelathini na mmoja, na ambaye sasa anaishi kwa mwanawe hapa Nairobi. Niliyoyasikia kwake, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo yaliyonisukuma kuandika makala haya.

Niseme mapema ninalotaka kusema. Watu wengi huamini kwamba kazi ya baharia huuawa na mashine: ikija mashine mpya, watu kumi hushuka na mmoja hubaki. Kuna ukweli katika hilo, lakini si ukweli wote. Historia ya ubaharia yaonyesha kwamba bahari haijapata kuacha kuhitaji watu. Wanaoangamia katika kila mageuzi ni wale waliofikiwa na mabadiliko kabla ya kufikiwa na habari zake. Na mara nyingi aliyechelewesha habari hizo si baharia mwenyewe, bali ni nchi yake.

Huenda msomaji akauliza: mitaa ya Eastlands ina uhusiano gani na bahari, ilhali kutoka hapa hadi Mombasa ni mwendo wa karibu kilomita 500? Jibu ni kwamba mitaa hii ni jamaa wa karibu wa bandari. Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na wafanyakazi wa reli ndio waliojengewa nyumba za Muthurwa na Makongeni. Mwaka 1984 ilifunguliwa bandari ya nchi kavu pale Embakasi, ili shehena ya mfanyabiashara wa Nairobi ikaguliwe na kutozwa ushuru karibu naye. Tangu mwanzoni mwa 2018, garimoshi za reli mpya ya SGR zimekuwa zikishusha makontena papo hapo. Marobota ya mitumba anayoyafungua mama yake kijana wangu kila alfajiri yamesafiri ndani ya kontena kama hilo. Hata kontena lenyewe, likisha kuzeeka na kuchoka na safari, hukatwa dirisha likawa kinyozi au duka la kutumia pesa kwa simu kando ya barabara zetu. Bahari basi ilitufikia zamani. Aliyebaki nje ya macho yetu ni mtu aliyetuletea vitu hivyo.

Mageuzi ya kwanza tunayopaswa kuyatazama ni ya nguvu iendeshayo chombo. Kwa karne nyingi mabaharia wa mwambao wetu waliishi kwa kalenda ya upepo. Kaskazi iliposhika, kuanzia mwezi wa Desemba, majahazi yalishuka kutoka Arabuni na Bara Hindi. Kusi ilipovuma, yalirejea. Baharia alikuwa na miezi ya kusafiri na miezi ya kungoja, na katika miezi hiyo ya kungoja alioa, alifanya biashara, alikitia chombo kalafati na kukipaka sifa. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, meli za moshi zilipata njia fupi ya kutoka Ulaya hadi Bahari ya Hindi. Meli ya moshi haimngoji kaskazi. Ujuzi wa kusoma nyota na kutweka tanga ukapungua thamani, na kazi mpya ikazuka chini kabisa ya meli: kuchochea makaa ya mawe katika matanuri. Vijana wa Kiswahili na wa Kisomali waliajiriwa kwa kazi hiyo katika meli za Waingereza, na baadhi yao wakafika na kukaa hata Cardiff, mbali na kwao. Baharia aliyezoea kutazama mbingu akawa sasa hutazama moto. Kisha, katika karne ya 20, mafuta yalipochukua mahali pa makaa, wachochezi nao wakawa hawahitajiki tena, na mahali pao pakachukuliwa na mafundi wachache wa injini.

Mzee jirani yangu aliingia baharini katika zama hizo za mafuta, mwaka 1971, akiwa mpaka mafuta katika chumba cha injini. Katika miaka yake minne ya kwanza hakuuona Mfereji wa Suez, kwa sababu ulikuwa umefungwa tangu vita vya 1967 na haukufunguliwa tena mpaka 1975. Meli zao zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, kusini kabisa mwa Afrika. Meli yake ya kwanza ilikuwa na watu zaidi ya arobaini: nahodha na maofisa wake, serehangi na vijana wake wa sitaha, mafundi na wasaidizi wao, wapishi, watumishi wa meza, seremala na mtu wa redio. Shehena ilikuwa ya kuchanganyika: magunia ya kahawa, masanduku ya chai, matita ya katani, saruji, mashine, hata magari. Kila gunia lilipandishwa na kushushwa kwa winchi na kwa mabega ya makuli. Kwa sababu hiyo meli ilikaa gatini wiki nzima, wakati mwingine mbili.

"Mwanangu," mzee alimwambia kijana, "sisi Karachi tuliijua kwa miguu. Tulijua wapi pana chai nzuri, na nani hushona suruali kwa siku moja. Hawa wa leo Karachi wanaijua kwa taa zake."

Katika maneno hayo machache umo muhtasari wa mageuzi ya pili, ambayo kwa maoni yangu ndiyo makubwa kuliko yote: mageuzi ya kontena. Tarehe 26 Aprili 1956 meli iitwayo Ideal X iliondoka bandari ya Newark, Marekani, kwenda Houston ikiwa imepakia makontena 58. Aliyelibuni jambo hilo, Malcom McLean, hakuwa baharia. Alikuwa mtu wa malori aliyechoshwa na kuona malori yakingoja bandarini. Hakubuni meli bora. Alibuni namna ya kuifanya meli isikae. Katika miaka iliyofuata mataifa yalikubaliana juu ya vipimo vya makontena, yale ya futi 20 na ya futi 40, ili kontena lile lile liweze kukaa juu ya meli, juu ya behewa na juu ya lori bila kufunguliwa. Makuli kwa maelfu walipoteza kazi, kuanzia London hadi New York, na Mombasa nayo haikusalimika.

Kwa baharia, kontena lilileta jambo ambalo wengi hawalifikirii. Liliondoa siku zake za nchi kavu. Meli iliyokuwa ikikaa gatini wiki mbili sasa hutaka kuondoka baada ya siku moja au mbili, na katika bandari zilizo na kreni za kasi ni saa chache tu. Gati zenyewe zimehamishwa mbali na miji, kwa kuwa makontena yanataka uwanja mpana. Baharia anapopata saa tatu za kushuka, saa moja huishia katika lango la ukaguzi na nyingine katika gari. Ndiyo maana meli ikawa si chombo cha kumpeleka mtu duniani tena, bali ni kiwanda kisicholala ambacho wafanyakazi wake hulala ndani.

Na wafanyakazi wenyewe ni wachache. Wasomaji wataikumbuka meli ya Ever Given iliyokwama katika Mfereji wa Suez kwa siku sita mwezi Machi 2021, biashara ya dunia ikakabwa koo. Meli ile ina urefu wa mita 400 na inaweza kuchukua zaidi ya makontena 20,000 ya futi 20. Je, ndani yake mlikuwa na mabaharia wangapi? Ishirini na watano tu, wote raia wa India. Watu wasiojaza hata nusu ya darasa langu walikuwa wamebeba shehena ambayo, katika siku za ujana wa mzee wangu, ingehitaji msururu mrefu wa meli. Tena, meli ilipokwamuliwa hawakuachwa waende. Kulikuwa na mzozo wa fidia baina ya wenye meli na wakuu wa mfereji, na meli ilizuiliwa huko Misri hadi Julai mwaka huo, mabaharia wakiwa ndani yake. Waswahili husema wapiganapo tembo wawili ziumiazo ni nyasi. Baharini nyasi hizo huvaa ovaroli.

Hata hivyo, si kontena lililomtoa jirani yangu baharini. Alilihimili. Alijifunza injini mpya, akapanda cheo, akazoea kushuka pwani mara chache. Kilichomshusha ni mageuzi ya tatu, ambayo ni ya karatasi.

Mwaka 1978 mataifa yalifanya mkataba wa kimataifa kuhusu mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia. Mwaka 1995 mkataba huo ulifanyiwa marekebisho makubwa, na mabaharia wa dunia nzima wakapewa hadi Februari 2002 kutimiza masharti mapya. Nia yake ilikuwa njema, kwani ajali nyingi za baharini hutokana na makosa ya watu, na si haki mtu kukabidhiwa injini au usukani kwa kuwa tu ana umri mkubwa. Lakini marekebisho hayo yalikuja na jambo jipya. Haikutosha tena baharia awe na cheti. Ilibidi nchi iliyotoa cheti hicho iwe imelithibitishia Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari, IMO, kwamba mafunzo na sheria zake zinafaa. Majina ya nchi zilizokubaliwa yaliwekwa katika orodha iliyopewa jina la orodha nyeupe, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwishoni mwa mwaka 2000. Kenya haikuwemo.

Mzee alitutolea kitabu chake cha ubaharia, kilichojaa mihuri ya bandari hata jalada limelegea. Mwaka 2002, alisema, kampuni aliyokuwa akiitumikia ilimwambia kwa adabu kwamba kitabu hicho hakitoshi na kwamba cheti cha nchi yake hakitambuliwi. Alikuwa na umri wa miaka 52, na nguvu bado anazo. Alizunguka ofisi moja hadi nyingine kwa karibu mwaka mzima. Hatimaye aliajiriwa kuwa bawabu wa ghala, akilinda mali iliyoletwa na meli ambazo hakuruhusiwa tena kuzipanda.

Kuna watakaosema kwamba baharia mwerevu angejisomea mapema. Hoja hiyo ni nyepesi. Angesoma wapi, na cheti angepewa na nani, ikiwa nchi yenyewe haijatambuliwa? Mamlaka ya kusimamia masuala ya bahari nchini, KMA, iliundwa mwaka 2004 na kupewa sheria yake mwaka 2006. Sheria mpya ya meli za biashara ilipitishwa mwaka 2009, na Kenya ikaingia katika orodha nyeupe mwaka 2010. Tangu orodha ya kwanza hadi hapo ni muda wa takriban miaka kumi. Mwanafunzi aliyeingia darasa la kwanza siku hizo angekuwa amefika sekondari. Katika muda huo meli hazikuacha kusafiri wala kuajiri. Zilichukua watu kutoka Ufilipino, India, Indonesia na kwingineko, nchi ambazo zilijiandaa mapema. Mashine haikumtoa mzee wangu kazini. Alitolewa na kuchelewa, na kuchelewa huko hakukuwa kwake.

Hapo sina budi kuonya, nisije nikaeleweka kwamba cheti kikipatikana mambo yote yamekwisha. Cheti hufungua mlango wa meli, lakini hakimkingi aliye ndani. Mwezi Juni 2005, meli ya MV Semlow iliyotoka Mombasa ikiwa na tani 850 za mchele wa msaada ilitekwa na maharamia katika maji ya Somalia, na mabaharia wake kumi, wengi wao Wakenya, wakazuiliwa kwa takriban siku mia moja. Septemba 2008 ilitekwa MV Faina, iliyokuwa ikileta Mombasa vifaru 33, na nahodha wake akafariki ikiwa mikononi mwa watekaji. Aprili 2009 ikawa zamu ya Maersk Alabama, nayo ikielekea Mombasa na chakula cha msaada. Tangu hapo meli nyingi zipitazo upande wetu zilianza kuzungushiwa seng'enge kingoni, kubeba walinzi wenye bunduki, na kutengewa chumba cha kujifungia. Mtu aliyeajiriwa kupaka mafuta mashine alitakiwa ajifunze pia kujificha.

Ikaja korona. Mwaka 2020 nchi zilifunga mipaka, na mabaharia wapatao 400,000 wakajikuta wamekwama melini baada ya mikataba yao kwisha, huku wengine kama hao wakingoja nyumbani bila mshahara. Sisi tuliofungiwa Nairobi tulilalamika, na tulikuwa na haki ya kulalamika. Lakini sukari, dawa na barakoa ziliendelea kufika Embakasi kwa sababu kulikuwa na watu waliokatazwa kwenda kwao. Tena, kuanzia Novemba 2023, meli zilianza kushambuliwa katika Bahari ya Shamu. Mwezi Machi 2024 mabaharia watatu wa meli ya True Confidence waliuawa. Kampuni nyingi ziliamua kuzirudisha meli zao kwenye ile njia ndefu ya Rasi ya Tumaini Jema. Mzee aliposikia habari hizo alicheka kwa masikitiko. Njia aliyoanza nayo ubaharia mwaka 1971 imerudiwa na wajukuu zake, wakiwa na meli kubwa mara nyingi kuliko yake na watu nusu ya wale aliosafiri nao.

Liko pia badiliko ambalo halitangazwi katika habari, nalo ni la mawasiliano. Zamani mtu wa redio, aliyejua kupiga alama za Morse, ndiye aliyekuwa sikio la meli. Tarehe 1 Februari 1999 mitambo mipya ya setilaiti ilichukua kazi hiyo rasmi, na cheo chake kikafutika karibu katika meli zote. Leo baharia anaweza kuzungumza na mkewe kwa simu akiwa katikati ya bahari. Ni neema kubwa, maana mzee alipata barua ya kifo cha mamake miezi miwili baada ya maziko. Lakini neema hiyo ina upande wa pili. Zamani, baada ya zamu ya saa nne, watu walikusanyika mezani wakacheza karata, wakagombana, wakapatana. Sasa kila mmoja huingia chumbani mwake na simu yake. Baharia hupokea habari za karo isiyolipwa na mtoto aliye hospitalini, naye hawezi kufanya lolote kwa muda wa miezi sita. Yuko nyumbani kwa masikio tu, na mle melini yuko peke yake.

Na mageuzi mengine yako njiani. Mwaka 2023 nchi wanachama wa IMO zilikubaliana kwamba meli zifike mahali pa kutochangia joto la dunia kufikia mwaka 2050 au karibu na hapo. Tayari zipo meli za makontena zinazotumia methanoli, na huko Norway imo meli ndogo ya shehena, Yara Birkeland, inayoendeshwa kwa betri. Wengine wanajaribu amonia, kemikali ambayo mwalimu yeyote wa maabara anajua jinsi harufu yake inavyotoa machozi, na ambayo ikivuja katika chumba cha injini inaweza kuua. Fundi wa meli wa kesho atatakiwa kujua kemia, umeme na kompyuta, si nati na spana pekee. Kama ilivyokuwa makaa yalipokwenda na mafuta yakaja, wako watakaopandishwa na wako watakaoshushwa. Swali ni kama safari hii habari zitatufikia mapema.

Sasa nirudi kwa kijana wangu na barua yake. Jibu tulilompa, mimi na mzee, halikutokana na busara bali na sheria. Mkataba wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006, uliopitishwa chini ya Shirika la Kazi Duniani na kuanza kutumika Agosti 2013, uliidhinishwa na Kenya mwaka 2014. Mkataba huo wakataza baharia kutozwa ada ya kutafutiwa au kupewa kazi. Gharama anazoweza kubeba mwenyewe ni za cheti cha daktari, kitabu cha ubaharia na pasipoti. Wasema pia kwamba baharia apate mapumziko yasiyopungua saa kumi katika kila saa ishirini na nne, na kwamba awe na mkataba wa kazi uliotiwa sahihi. Nao mawakala wa mabaharia hapa nchini hutakiwa kuwa na leseni ya KMA. Yeyote anayedai ada ya kazi yenyewe, hata akiwa na ofisi yenye zulia, anavunja sheria kabla ya meli kung'oa nanga.

Tulimtajia maswali manne ya kumwuliza wakala: leseni yako iko wapi? Jina la meli ni lipi, na bendera yake ni ya nchi gani? Mkataba wa kazi uko wapi niusome? Nikiumwa au nikikwama ugenini, nani atalipia kunirudisha? Kijana alikwenda kuuliza. Wakala hakujibu hata moja. Alimwambia tu kwamba nafasi ina watu wengi wanaoitaka. Mkopo wa chama haukuchukuliwa. Lakini nilipomwona tena uso wake haukuwa wa mtu aliyeokolewa. Ulikuwa wa mtu aliyefungiwa mlango. "Sasa, Mwalimu," akaniuliza, "njia ya halali ni ipi?"

Swali hilo ni zito kuliko lile la kwanza, na si la kujibiwa na mwalimu mmoja wa Umoja. Njia ipo, ila ni nyembamba. Chuo cha Bandari kule Mombasa kiligeuzwa mwaka 2018 kuwa chuo maalumu cha mafunzo ya bahari. Kwa anayetaka kazi za chini za meli, kozi za msingi za usalama, yaani kuogelea na kujiokoa, kuzima moto na huduma ya kwanza, hazikwepeki. Lakini kwa anayetaka kuwa ofisa wa sitaha, mkataba wa kimataifa wadai kwamba, pamoja na masomo, apate miezi isiyopungua kumi na miwili ya kujifunza kazi akiwa baharini. Hapo ndipo vijana wetu wengi hukwama. Wamesoma, wamefaulu, ila hakuna meli ya kuwachukua wamalize. Nchi za Kenya, Tanzania, Uganda na Zambia zilipata kuwa na shirika lao la meli, lililoanzishwa mwaka 1966, halikudumu. Taifa lenye bandari kubwa lakini lisilo na meli ni kama shule yenye madawati na isiyo na mwalimu.

Kwa hiyo naishauri serikali iyafanye mambo mawili. La kwanza, kila inapotoa nafasi ya biashara kwa kampuni kubwa za meli zinazonufaika na bandari zetu, idai nafasi za wanagenzi wa Kenya ndani ya meli hizo, na idadi hiyo iandikwe katika mkataba na kufuatiliwa. La pili, isingoje tena kushtukizwa. Masharti ya mafuta mapya yanajulikana tangu leo, na mtaala wa fundi wa meli wa mwaka 2040 unapaswa kuanza kuandikwa sasa. Tulichelewa muongo mmoja kwa karatasi. Tukichelewa muongo mwingine kwa kemia, hatutakuwa na wa kumlaumu.

Walimu wenzangu nao wana sehemu yao. Tumewazoesha wanafunzi wa Eastlands kufikiri kwamba bahari ni mali ya watu wa Pwani, na kwamba mtoto wa Kayole au Dandora akiitaja anaota. Wasichana ndio tumewafungia kabisa. Katika hesabu ya dunia ya mwaka 2021 wanawake walikuwa kidogo tu zaidi ya mmoja katika kila mabaharia mia, katika jumla ya mabaharia wapatao milioni 1.9. Haitupasi kuwadanganya kwamba ni kazi ya kuona dunia. Tuwaambie ukweli: ni kazi ya heshima na mshahara, ya upweke na usingizi mchache, inayotaka hisabati, fizikia na Kiingereza fasaha, na ambayo haimpokei mtu asiyejua haki zake. Atakayeichagua baada ya kuambiwa hayo, aichague akiwa macho.

Jioni ile, tulipotoka kwa mzee, nilimsindikiza kijana hadi steji ya matatu. Lori lenye kontena lilikuwa limeziba barabara, dereva akibishana na utingo wa basi, na abiria wakipiga miluzi. Kijana alilitazama kontena lile kwa muda, akasoma kwa sauti herufi na nambari zilizochorwa ubavuni mwake, kisha akaniuliza lilitoka nchi gani na lilikuja kwa siku ngapi. Sikujua. Nilimwahidi kwamba nitatafuta jibu. Ahadi hiyo ningali nayo, na nadhani si mimi peke yangu ninayedaiwa.